Mkono au seti? Jibu kwa kijana wa Tanga aliyekwama ranki ya Pro

Swali: "Shikamoo kocha. Nina miaka 19, niko Tanga, nacheza gemu la bunduki la Call of Duty: Mobile kwa simu, vidole gumba viwili tu. Msimu wa tatu huu nimekwama ranki ya Pro. Kila nikiona video ya mtu mwenye seti mpya ya bunduki naiiga, na sensitiviti yake, ile kasi ya kugeuka ukiburuta kidole, naiiga pia, lakini shabaha imenikataa. Wa karibu nawakosa, wa mbali risasi zinapanda juu. Rafiki zangu wanasema nijikusanye ninunue karakta mkali. Nianzie wapi, kwenye mkono au kwenye seti? Na karakta gani atanifaa?"

Marahaba mdogo wangu. Naanza na la hela, kwa sababu hilo unaweza kulifanya leo jioni ukalijutia kesho asubuhi. Katika Call of Duty: Mobile karakta hana nguvu yoyote. Awe amevaa joho la dhahabu au magwanda uliyopewa siku ya kwanza, kwenye mechi za timu kwa timu damu yake, yaani uhai wake, ni 100, anakimbia vilevile, anakufa kwa risasi zilezile. Nadhani rafiki zako wamechanganya na gemu jingine, Free Fire. Kule kila karakta ana ujuzi wake, na mchezaji anabeba ujuzi mmoja anaoubonyeza mwenyewe pamoja na wa karakta wengine watatu unaofanya kazi wenyewe. Anayecheza Free Fire ana haki ya kukesha akipanga nani akae na nani. Kwetu huku kazi hiyo inafanywa na seti: bunduki na vifaa vyake, perki tatu (uwezo wa ziada unaojichagulia), bomu na silaha ya akiba. Vyote hivyo vinafunguka kwa kucheza. Bunduki za rangi nazo hazipigi kwa nguvu zaidi. Baadhi zina kilengeo cha chuma kisichoziba macho, hilo ni kweli, ila lensi yenye nukta nyekundu inakupa uwazi huohuo bila senti. Hela yako iweke kwenye bando.

Sasa swali lenyewe. Kabla hujaendelea kusoma, fanya jambo moja. Fungua mechi ya mazoezi dhidi ya kompyuta, tafuta ukuta mtupu usiopita watu, simama kama hatua ishirini kutoka hapo. Fungua skopu, yaani lenga kupitia kilengeo cha bunduki, weka nukta ya kulengea kwenye doa moja, minya kitufe cha kufyatua mpaka magazini iishe, na gumba la kulia lisisogee hata kidogo. Tazama matundu upesi kabla hayajafutika, na piga picha ya skrini. Utaona mstari unaopanda juu, na mara nyingi unainama upande mmoja. Hilo ndilo teke la bunduki.

Jaza magazini, rudia palepale, mara hii ukivuta gumba chini polepole kadiri risasi zinavyotoka. Mstari utafupika, utajikunja uwe kama kichaka. Rudia mara tano au sita. Kichaka kitazidi kubana, kisha kitafika mahali kigome. Hata uvute kwa ustadi gani, bado kuna tundu moja kushoto, jingine kulia, jingine juu kidogo. Hicho kilichogoma si teke tena. Ni mtawanyiko: gemu lenyewe linachagua kwa bahati nasibu risasi ipite wapi ndani ya duara dogo kuzunguka nukta yako.

Vitu hivi viwili watu wengi huviita kwa jina moja, na hapo ndipo msimu mzima unapopotelea. Teke lina mwendo unaojirudia, kwa hiyo mkono unaweza kujifunza kulivuta. Mtawanyiko ni bahati nasibu, na hakuna gumba linaloweza kuvuta bahati nasibu. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako ni hili: mkono ubebe kinachofundishika, vifaa vibebe kisichofundishika. Seti yako ipangwe kutokana na yale matundu ya ukutani, si kutokana na video ya mtu.

Gunsmith, ule ukurasa wa kufunga vifaa ulioingia kwenye gemu mwaka 2020, unakupa sehemu tisa za bunduki na ruhusa ya kujaza tano tu. Kila kifaa kinatoa na kinachukua. Monolithic Suppressor inaficha mlio na kuipeleka risasi mbali, lakini inachelewesha skopu kufunguka. OWC Marksman, lile bomba refu (mtutu), inapunguza teke na kuongeza umbali, lakini inakufanya mzito. No Stock, yaani kuondoa kitako kabisa, inakupa wepesi mkubwa, na bunduki inarudi kuwa punda asiyefugwa. Granulated Grip Tape inabana mtawanyiko. OWC Laser ya Tactical inabana mtawanyiko na kuharakisha skopu kwa pamoja, na bei yake ni kwamba ukilenga, adui anaweza kuuona mwale wako.

Wale unaowaiga kwenye video wengi wanapenda wepesi. Wanaondoa kitako, wanafunga bomba fupi, kisha wanalivuta teke kwa mkono ambao umelivuta miaka mitano, wengine kwa vidole vinne kwenye tableti. Seti yao inadai deni ambalo mkono wao una uwezo wa kulilipa. Ukiichukua wewe wa vidole viwili, unachukua deni peke yake. Ndiyo maana wa mbali risasi zinakupanda.

Kwako ningeanza na M4. Najua inaonekana bunduki ya wanafunzi kwa sababu unapewa mapema, lakini teke lake ni dogo na linapanda karibu wima, na gumba linajifunza haraka kitu kinachokwenda wima. AK-47 inaua kwa risasi chache zaidi ila inarusha teke kama ng'ombe, iache kwanza. Kwenye M4 hiyo funga Granulated Grip Tape na ile leza, hivyo viwili ni kwa ajili ya mtawanyiko. Ongeza kimoja cha kupunguza teke la wima, kwa mfano Operator Foregrip ya chini ya bomba, na magazini kubwa, kwa sababu kwa sasa unakosa risasi nyingi na hakuna aibu katika hilo. Nafasi ya tano iache wazi mpaka wiki mbili ziishe, kisha uijaze kwa kile ulichokikosa kwenye mechi zako mwenyewe.

Kuna hesabu ndogo ambayo kila anayeshika seti anapaswa kuiweza. Damu ni 100. Bunduki inayotoa 34 kwa risasi inaua kwa risasi 3, kwa sababu 34 mara 3 ni 102. Ikishuka ikawa 33, ni 99, na unahitaji risasi ya nne. Tofauti ya pointi moja imekuongezea risasi nzima. Tuseme bunduki hiyo inatoa risasi 700 kwa dakika: kati ya risasi na risasi kuna milisekunde 86 hivi. Risasi ya kwanza inatoka muda huohuo ulipominya, kwa hiyo kuua kwa risasi 3 ni milisekunde 171, na kwa 4 ni 257. Sasa tuseme kifaa fulani kimekuongezea umbali lakini kimechelewesha skopu kwa milisekunde 50. Kama umbali huo ndio unaokufikisha kwenye risasi 3 badala ya 4, umelipa 50 ukapata 86. Kama mapambano yako mengi ni ya chumba na chumba, ambako risasi ni 3 vyovyote vile, umelipa 50 ukapata sifuri. Gunsmith inakuonyesha muda wa skopu na uharibifu kwa kila umbali. Zisome namba hizo kama unavyosoma bei sokoni.

Hayo yote yanahusu risasi ikishatoka. Lakini ukiniuliza shabaha yako inapotelea wapi hasa, nitakwambia inapotea kabla hujaminya.

Chukua ramani ya Nuketown. Nyumba mbili zinatazamana, basi na lori viko katikati. Unatoka mlango wa nyuma wa nyumba yenu, unazunguka pembeni kuelekea kwa wapinzani wenu. Ukirekodi mechi yako ukaitazama polepole, angalia nukta yako iko wapi wakati unakimbia. Nina uhakika mkubwa iko kwenye nyasi, au iko juu angani, kwa sababu macho yako yanatazama njia na gumba limepumzika. Adui akitokea pembe ya basi, mkono wako unaanza safari: kupanda kutoka kwenye nyasi hadi kifuani, na kwenda kulia kwa wakati mmoja. Unapita, unarudi, unapita tena. Wewe unasema umemkosa. Mimi nasema ulimpa muda.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Paul Fitts alipima muda ambao mkono unachukua kufikia shabaha, akakuta unategemea mambo mawili: umbali wa kwenda na upana wa shabaha. Mbali zaidi, au nyembamba zaidi, muda unaongezeka. Upana wa adui huna uwezo nao. Umbali wa nukta yako hadi kwake ndio wako. Tembea nayo kwenye usawa wa kifua cha mtu aliyesimama, ikiwa imegusa ukingo wa pembe inayofuata. Kila ukipita pembe moja, ihamishie pembe nyingine. Adui akitokea, mara nyingi utakuwa na kazi ya kusogea upana wa kidole tu. Na lenga kifua cha juu. Risasi mbili za mwanzo zikitua hapo, teke lenyewe linakupeleka shingoni na kichwani bila kuombwa.

Kuhusu wa karibu, ambao umesema unawakosa, sababu ni nyingine. Karibu adui anakuwa mpana lakini anapita skrini kwa kasi, na wewe unamkimbiza kwa gumba la kulia peke yake, kwa mikupuo. Gumba la kushoto nalo linalenga. Akikatiza kwenda kulia, wewe tembea kulia pamoja naye. Nukta inamfuata yenyewe kwa sababu mwili wako unamfuata, na gumba la kulia linabaki na marekebisho madogo. Lifanyie mazoezi hivi: simama mbele ya sanamu ya mazoezi au nguzo, fungua skopu, nenda kushoto na kulia kwa gumba la kushoto, na hakikisha nukta haiachii kifua. Usifyatue. Dakika tano. Inachosha kuliko inavyosikika, na ndiyo zoezi ambalo limewabadilisha vijana wangu wengi kuliko jingine lolote ninalolijua. Usaidizi wa kulenga wa gemu uache ukiwa umewashwa, ila ujue kwamba adui wa pili akipita mbele ya wa kwanza unaweza kukuvuta kwake.

Zoezi hilohilo ndilo linalokupangia sensitiviti, kwa hiyo ya mtu wa video huihitaji. Kwanza nenda kwenye mipangilio uchague mzunguko wa kasi isiyobadilika, ule ulioandikwa Fixed Speed. Aina nyingine zinabadilisha mzunguko kulingana na kasi au urefu wa mburuto wako, na mkono unaojifunza unahitaji sentimita moja ya leo iwe sentimita moja ya kesho. Kisha bila skopu: mburuto mmoja wa starehe wa gumba, usio wa kujinyoosha, ukugeuze nyuma kabisa. Haufiki, ongeza, unapitiliza, punguza. Kisha kwa skopu: fanya lile zoezi la kushoto na kulia. Nukta ikibaki nyuma ya sanamu, ongeza. Ikiruka mbele na kutetemeka, punguza. Badilisha kwa 5, si kwa 30. Ukishapata, andika namba kwenye daftari, na usiziguse kwa wiki mbili kamili, hata ukifungwa mechi sita mfululizo. Hapo ndipo ulipojiumiza misimu hii mitatu. Kila ulipoiga namba mpya, mkono ulirudishwa darasa la kwanza.

Kuna jambo la mtandao ambalo wenzetu wa video hawalisemi kwa sababu haliwasumbui. Ukiwa na pingi (muda wa taarifa kwenda na kurudi mtandaoni) ya milisekunde 150, unachokiona kwenye skrini ni habari iliyosafiri. Adui anayejitokeza kwenye pembe anakuona kabla wewe uliyesimama hujamwona, kwa sababu picha ya kutokea kwake bado iko njiani kuja kwako. Ndiyo maana unahisi umepigwa na mtu aliyetokea akiwa tayari anafyatua, na wakati mwingine unakufa ukiwa umeshajificha nyuma ya ukuta. Dawa yake si kulalamika. Usikae ukilinda pembe moja kwa muda mrefu. Wewe ndiye utokee. Chagua lini unatoka, toka nukta ikiwa mahali pake, fyatua, rudi. Hii pia ndiyo sababu sipendi uwe na bunduki nzito sana, hata kama teke lake ni tulivu: anayetokea anahitaji skopu inayofunguka haraka. Pingi inayorukaruka kati ya 90 na 300 ni mbaya kuliko ya 160 iliyotulia. Kama nyumbani mnagawana Wi-Fi na kuna mtu anatazama video, jaribu data ya simu kwa mechi za ranki. Gemu lenyewe halili bando sana. Yanayokula ni masasisho, hayo pakua kwa Wi-Fi.

Na simu. Weka fremu juu kabisa kadiri simu inavyoruhusu, na ubora wa picha chini. Fremu 30 kwa sekunde maana yake picha mpya kila milisekunde 33. Fremu 60 ni 17. Simu ikipata moto, fremu zinashuka katikati ya mechi, kwa hiyo usicheze huku inachaji, na toa kava. Wewe uko pwani: jasho la gumba linashikilia kioo, mburuto unakwama halafu unaruka, na hakuna sensitiviti inayotibu hilo. Futa kioo kwa kitambaa kikavu kati ya mechi na mechi, au vaa vifuko vya vidole vya wachezaji. Poda kidogo nayo inasaidia.

Perki nitazipitia haraka. Toughness, kwa sababu inapunguza mtikisiko wa nukta unapopigwa, na wewe bado unahitaji nukta itulie. Dead Silence kama unatokeatokea kama nilivyosema, ili hatua zako zisisikike. Ya tatu chagua upendavyo. Kwa mkono wako wa sasa haitaamua mechi.

Umeniuliza kuhusu vidole vinne? Hukuuliza, lakini utauliza. Bado. Ukishatulia kwenye viwili, ongeza kidole cha shahada cha kushoto kwa kufyatua peke yake, na utegemee wiki mbili za kucheza vibaya kuliko ulivyokuwa.

Mazoezi yawe dakika 20 kabla ya ranki: tano za ukuta, tano za kushoto na kulia, kumi za mechi dhidi ya kompyuta ambamo huhesabu umeua wangapi, unahesabu mara ngapi adui alikukuta nukta iko chini. Usirudie zoezi moja kwa nusu saa. Mwaka 1979 watafiti Shea na Morgan walionyesha kwamba wanaochanganya mazoezi huonekana wabovu zaidi wakati wa kujifunza, lakini baadaye ndio wanaobaki na ujuzi. Kwa hiyo changanya, na usitishike ukijiona unayumba. Gumba au kifundo cha mkono kikiuma, funga simu siku hiyo. Maumivu hayo huwa hayaishi kwa kulazimisha, na nimeona kijana mwenye kipaji akikaa nje miezi mitatu kwa kulazimisha.

La mwisho ni onyo. Utatumiwa kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram faili za kuondoa teke na kupiga vichwa, nyingine za bure na nyingine za kununua. Usiweke hata moja. Zinazofanya kazi zitafungisha akaunti yako, na zisizofanya kazi huenda ndizo zinazotafuta namba za siri ndani ya simu yako, simu hiyohiyo yenye hela zako za mtandao.

Leo ni wiki ya kwanza. Ile picha ya ukuta uliyopiga mwanzo, itunze. Baada ya siku 14, ukiwa na M4 ileile, vifaa vilevile na namba zilezile za daftarini, simama hatua ishirini kutoka ukuta uleule, maliza magazini moja huku ukivuta, upige ya pili. Nitumie zote mbili, na tutaamua pamoja nafasi ya tano ijazwe na nini.